Kosa la Ngiri

Mwalimu Kakakuona ndiye pekee aliyebaki idara ya lugha katika chuo cha mkoa, akikumbuka enzi zile wanafunzi walipojaa hadi madirishani. Siku moja Ngiri, waziri wa fedha aliyesoma hapo, alimletea barua yenye mhuri wa mfalme.

"Shikamoo, Mwalimu. Nisamehe, serikali imeishiwa."

"Marahaba. Umeiandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Kakakuona akasoma: "Kwa ufinyu wa bajeti, idara ya lugha ifunguliwe kuanzia leo."

Machozi yakamlenga, kicheko kikambana. Tangu darasani Ngiri alichanganya kufunga na kufungua, naye akimsahihisha kila wiki. Mkono ukakimbilia kalamu nyekundu kwa mazoea. Akaurudisha, akaibandika barua mlangoni.

"Safari hii, mwanangu, hujakosea."