Ua Limelala

Mama Mkude, jirani yao, alisema amekuta ua la kina Stamili limelala msituni, majani meusi kama ganda la ndizi. "Limelala, bibi wee! Anzeni kufunga mizigo."

Siku hizi, kwa sheria, kila nyumba ya milima ya Uluguru ina ua lake moja la okidi msituni. Likifa, watu wa nyumba hiyo hushushwa kuishi bondeni, na kwa joto la bondeni bibi yake Stamili, mwenye pumu, asingefika mbali.

Stamili alipanda kwenye ukungu, roho mkononi. Kweli, majani yalikuwa yameoza. Akafukua udongo polepole kwa vidole mpaka akagusa kiazi cha ua hilo: kigumu, na ubavuni kimechomoza kichipukizi cheupe kama jino la mtoto.

Akacheka peke yake. "Kumbe umelala usingizi tu!"

Aliporudi alimkuta Mama Mkude mlangoni, tope hadi magotini.

"Ua letu nami nimelifukua," alisema taratibu. "Kiazi chake ni maji matupu. Nimegee kipande cha kiazi chenu, mwanangu."

Kiazi kikikatwa, mara vipande vyote huota, mara vyote huoza.

Ndani, bibi alikohoa, akauliza nani yuko mlangoni.