Kifo Kikikaa Mlangoni

"Vuta, mke wangu, vuta. Isilegee."

Mume alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya chumba chao cha kulala, kashika mwanzo wa futi. Mke aliivuta mpaka ukuta wa pili, akasoma namba. Kitanda kipya kingeingia, na nafasi ya kabati la vioo ingebaki. Kitanda hakikuwa chake. Alijua ni cha nani, na mume alijua kwamba anajua, na futi ikakaza kati yao kama kamba ya kuanikia nguo.

"Wewe mwanamke wa pekee," mume alisema, akainuka huku kajishika mgongo. "Mwingine angenuna."

"Ninune nini? Safari ikishafika, nani anagombea kitanda?"

Miezi michache nyuma, hospitalini, walikuwa wamepimwa wote wawili, mke kwa kukonda, mume kwa mgongo wake usiosikia dawa ya kuchua. Daktari alimwita mke ndani peke yake. Alipotoka, macho yalikuwa yamemvimba.

"Kasemaje?" mume aliuliza.

"Kansa. Imeshasambaa, haina dawa."

Mume alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Akasema kazi ya Mungu haina makosa. Hapohapo akasogea dirishani, akatoa simu, na korido za hospitali hazifichi neno. "Vumilia kidogo tu, mpenzi. Mwaka huu hauishi, utakuwa ndani."

Mpenzi mwenyewe alikuwa msusi wa mtaa wa pili, yuleyule aliyemsuka mke kila mwezi huku akimuulizia shemeji kama hajambo.

Mke alikuwa bado na neno moja mdomoni. Akalimeza.

Tangu hapo akaanza kuandika. Alikuwa fundi cherehani, darasa la saba basi, lakini kila mchana alisukuma vitambaa pembeni akaandika jinsi nyumba inavyoweza kuishi vizuri wakati kifo kimekaa mlangoni. Cheka ukiweza. Vaa nguo zako nzuri. Unachokipenda usikingojeshe. Mwalimu jirani alisoma kurasa za mwanzo akalia, akaahidi kuzipeleka kwa wachapaji. Mtaa mzima ukamsifu kwa moyo wake mwepesi. Hawakujua kwamba moyo ule ulikuwa na kaa la moto, na yeye kazi yake ni kulipepea taratibu, lisizime wala lisitoe moshi.

"Poleni," watu walisema.

"Tumeshapoa," alijibu.

Mume alikipenda kitabu kuliko wote, maana kilimtoa lawamani.

"Na mimi usinisahau humo."

"Nitakusahauje? Hakuna sura usiyokuwemo."

Na kweli mume aliishi. Shati jipya, manukato, mluzi bafuni. Alipaka chumba rangi ya maziwa. Akaleta kitambaa cha mapazia, akamwomba mke ayashone mapema, kabla mikono haijaishiwa nguvu. Mke akayashona, akakaza nyuzi kama alivyokaza meno. Akashona na suruali za mume, akazipunguza kiuno mara ya kwanza, kisha mara ya pili.

"Mapenzi hayo!" mume alitamba, akijipigapiga tumbo. "Kitambi chenyewe kimekimbia."

"Kimekimbia kweli. Haya, meza vidonge vyako, mgongo usikuharibie starehe."

Mke mwenyewe mashavu yalikuwa yamerudi. Msusi akaingiwa na wasiwasi, akapiga simu kuuliza mbona huyo mgonjwa ananawiri. Mume akacheka. "Mshumaa huo, mpenzi. Huwaka sana kabla ya kuzimika."

Mke aliyasikia maneno hayo, kasimama nyuma ya pazia alilolishona. Akayaona mazuri. Akayaandika kitabuni.

Siku kitanda kilipoletwa, mume aling'ang'ania kukibeba mwenyewe, aonekane bado kijana. Hakuvuka kizingiti. Alianguka nacho palepale mlangoni, na gari lililoleta kitanda ndilo lililompeleka hospitali. Mke akampigia simu msusi.

"Njoo, mdogo wangu. Anakutaja wewe."

Wodini msusi alikaa upande mmoja, kashika mkono wa mume. Mke alikaa upande wa pili, kashika mkoba wake. Daktari yuleyule akaingia.

"Daktari, msihangaike na mimi," mume alisema, jasho likimchuruzika. "Huu ni mgongo tu. Mwangalieni huyu maskini. Mwenye kansa ni yeye."

Daktari alimtazama mume, kisha akamgeukia mke.

"Mama, si ulisema utamwambia mwenyewe, taratibu?"

Mke alifungua mkoba. Akatoa vidonge, akaviweka kwenye kiganja cha msusi, akamfumba vidole kimoja kimoja.

"Viwili asubuhi, viwili jioni, mdogo wangu. Na kitanda kisikutie shaka, kinaingia. Futi nilishika mwenyewe."