Kisiwa cha Bortolo

Bortolo aliweka kidole juu ya kisiwa kisichokuwepo duniani, akamwambia Marchiò akusanye vifaa vyake atoke.

Wachora ramani wa Venisi walikuwa watu wacha Mungu: waliibiana kazi wiki nzima, Jumapili wakapumzika. Ndiyo maana kila mwenye akili alitega mtego. Penye maji matupu alichora kisiwa cha uongo, kisha akangoja kuona kitaibukia kwa nani. Cha Bortolo kilikaa katikati ya bahari kuu. Umbo lake alilitoa kwenye alama ya kuzaliwa ya mkewe Orsola, chini ya kiuno, maana mkono wake ulilijua hata akifumba macho.

Ramani ile, jasho la miaka, haikuwa imechapishwa bado. Alikuwa ameifungia nyumbani, sandukuni, na mchoraji mwingine aliyeiona ni Marchiò peke yake, mshirika wake tangu ujana. Sasa ilikuwa ikiuzwa sokoni Rialto kwa jina la Gasparo, yule mpinzani mwenye masharubu ya kupaka mafuta, pamoja na kisiwa cha Bortolo.

"Ningeiba mimi," Marchiò alisema, "ningenakili ulichochora. Hivi visiwa viwili vidogo hapa kusini, ulivichora lini?"

Bortolo akainama kutazama. Kweli, havikuwa vyake.

"Gasparo huyo," akasema. "Hata kuiba hawezi bila kudondosha wino."

Marchiò, aliyemsimamia harusi yake, hakubishana tena. Alifunga bikari zake ndani ya aproni, akaomba tu asalimiwe shemeji.

Orsola alikuwa juu ya paa akikausha nywele juani. Alisikiliza habari yote, kisha akauliza kama mumewe ana hakika kabisa ni Marchiò. Bortolo akasema anayo. Orsola akashusha pumzi, akambusu kwenye paji la uso, akasema marafiki wa siku hizi ni nyoka.

"Pole, mume wangu. Twende ndani unilegezee kamba za gauni, jua limenichoma."

Bortolo akazilegeza moja moja, huku akimlaani rafiki yake, mpaka gauni likateremka na kisiwa kikajitokeza. Kusini yake palikuwa na vidoti viwili vyeusi, ambavyo yeye hakuwahi kukumbuka kuvichora.