Mkono wa Mkosi

Ng'ombe alikuwa amelala zizini tangu alfajiri, ndama amekwama, na mikono ya wanaume haikupita.

"Sinyati, mwanangu, mkono wako ni mdogo," mama mkwe wake alimwambia. "Njoo."

Sinyati alirudi nyuma hadi miiba ya ua ikamchoma mgongoni. Mama yake alifariki akimzaa yeye, na shangazi aliyemlea hakumruhusu kugusa hata mtoto wa mbuzi. "Mkono wako una mkosi," alimwambia, naye akaamini. Hata baada ya kuolewa hapa Soitsambu, wenzake wakikamua, yeye alikwenda kuchota maji.

"Mama, nikimgusa atakufa."

"Usipomgusa watakufa wote wawili."

Akapiga magoti, akapaka mkono mafuta, akauingiza. Ng'ombe akasukuma, na mifupa ya nyonga ikaubana mkono hadi vidole vikaingia ganzi. Alitaka kuuchomoa, haukutoka. Akapapasa: kwato, goti lililojikunja, pua isiyosogea. Machozi yakamtoka. Basi shangazi alisema kweli.

Mara mdomo wa ndama ukafunguka, ukakidaka kidole chake na kuanza kukinyonya.

"Mama," alinong'ona, "yuko hai."

Akalitafuta tena lile goti, aunyooshe mguu.