Kipengee cha Kumi na Tisa

"Andika vyovyote tu, binti. Nani anasoma namba za chuma kikuukuu?"

Karani hakuandika vyovyote. Alipiga magoti sakafuni mbele ya cherehani ya mteja, akaipangusa vumbi kwa kidole gumba, na namba ikajitokeza: tarakimu saba. Aliisoma mara mbili.

Mteja hakuona. Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha dirisha, anaweka sawa kola yake. Mjini walimwita Bwana Mitindo, naye akaitika bila haya. Alikuwa anapeleka mavazi yake kwenye maonyesho ya ng'ambo: magauni kumi na manne, sanamu nne za kuyavalisha, na cherehani moja ya zamani ya kuweka mbele ya jukwaa, watu waone alikotoka.

Mali ya kwenda na kurudi hailipiwi ushuru, ila lazima iwe na kijitabu cha forodha, na kazi ya karani ilikuwa kukijaza. Kila kitu jina lake, idadi yake, namba yake. Kilichotoka ndicho kirudi, hichohicho. Tarakimu moja ikikosewa, mzigo unazuiwa mpakani, na mwenyewe anabaki kupiga simu huku maonyesho yakifunguliwa bila yeye.

Karani alilijua hilo vizuri mno. Na Bwana Mitindo alikuwa mjomba wake, tumbo moja na mama yake, ingawa mwenyewe hakuwa na habari. Mara ya mwisho mjomba alimwona karani akiwa mtoto wa miaka sita, amebebwa na shangazi yake msibani. Moto uliteketeza karakana ya ushonaji ya mama, na mama mwenyewe akiwa ndani. Siku hiyo mjomba alilia, wacha we! Aliwaapia askari kwamba alifika amechelewa, kwamba hakikuokolewa kitu, hata kifungo. Mwezi haukuisha, akafungua duka lake, na mitindo aliyotundika dirishani yote ilikuwa ya mama. Mtoto anakula nini, hakuuliza.

Miaka ishirini na moja karani aliliweka hilo rohoni. Leo mtu amejileta kwa miguu yake mwenyewe.

"Umekuwa nayo muda gani?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Hiyo? Tangu siku ya kwanza ya kazi yangu. Ndiyo iliyonifanya mtu. Hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa."

"Hakuna kabisa?"

"Nimesema hakuna. Aa, una maswali kama mama mkwe!"

Karani alicheka kwa meno tu. Jigambe tu, alimwambia kimoyomoyo, utanitambua.

Alifika kipengee cha kumi na tisa. Nane ni rahisi kuwa tatu, na moja ni rahisi kuwa saba, mkwaruzo mmoja tu. Mwenzake wa meza ya pili alikuwa anapuliza chai, hana habari na mtu. Karani aliishikilia kalamu juu ya karatasi kwa muda, kisha akaandika tarakimu zote saba, polepole, akakigeuza kijitabu.

"Soma kwanza. Halafu utie saini hapa, kwamba vyote ni mali yako na maelezo yote ni ya kweli."

"Nisome nini? Nakuamini." Akatia saini kwa mbwembwe, saini yenye mkia mrefu kuliko jina.

"Keshokutwa nitakuja forodhani mwenyewe," karani alisema. "Nataka nisimamie ukaguzi wako."

"Unaona? Wewe ni dhahabu!"

Jioni ile karani alipitia kwa shangazi yake, akaomba sanduku la juu ya kabati lishushwe. Walikaa nalo sakafuni mpaka uji ukaungua jikoni.

"Una hakika?" shangazi aliuliza.

"Nina hakika."

"Basi usimhurumie. Yeye hakukuhurumia."

Karani hakuwa na hata chembe ya huruma. Alipiga simu moja, akaenda kulala, na usingizi ukamjia kama wa mtoto.

Siku ya ukaguzi, kreti zilifunguliwa kwenye bohari la forodha. Mtu mmoja mnene alikuwa amekaa pembeni juu ya sanduku, mkoba magotini, anachokonoa meno. Afisa wa forodha alihesabu magauni, akahesabu sanamu, akafika kwenye cherehani. Aliinama na tochi.

"Nne, saba, moja..." Akatazama kijitabu, akatazama tena chuma.

Jasho lilimtoka Bwana Mitindo shingoni, kola yote ikalowa. "Kuna tatizo?"

"Subiri. Sifuri, nane, nane, tatu." Afisa alisimama. "Hakuna tatizo. Zinalingana."

"Si nilisema!" Bwana Mitindo alipiga makofi. "Karani huyu hakosei!"

"Hebu zilinganishe na hiki pia," karani alisema. Alitoa mkobani mwake kijitabu kingine cha forodha, jalada limepauka, kinanuka dawa ya nondo. "Kuna mshonaji aliwahi kwenda maonyesho ng'ambo na kurudi salama."

Afisa alikifungua, akasoma jina la mama, akashusha kidole, akasoma namba ileile, tarakimu saba, kisha tarehe ya mhuri wa kurudi: siku tatu kabla ya ule moto. Mtu mnene alifunga mkoba wake, akasimama mlangoni.

"Mjomba," karani alisema, "mwambie huyu askari wa mlangoni. Cherehani hii iliungua na mama, au uliitoa kwanza ndipo ukawasha?"