Shikamoo ya Jikoni

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Lakini Ikulu ya zamani, siku hizi jumba la makumbusho, wageni huja kila siku na wenyeji hawaponi. Sauti za watumishi waliokufa zimehifadhiwa kutani, nazo humwamkia kila aingiaye. Mgeni akiitikia, sauti humsimulia maisha yake. Asipoitikia, sauti hufutwa.

Tunu alikuja peke yake, kwani hakubakiwa na mtu. Jikoni, ukuta ukasema kwa sauti ya mama yake, "Shikamoo, Mheshimiwa."

Tunu akausogelea ukuta.

"Sema marahaba, dada," mwongozaji wa wageni akamhimiza. "Mpishi huyu ana hadithi tamu!"

"Ni mama yangu."

"Basi umepanda cheo leo! Itikia upesi, asije akafutika."

Tunu akaweka kiganja ukutani. "Shikamoo, mama."

Akasubiri. Lakini ndani ya nyumba ile mama yake hakuwahi kuamkiwa na mtu, na ukuta haukuijua marahaba. Taa ndogo ya sauti ile ikazimika.

"Umetuulia mpishi!" mwongozaji akafoka. "Omba radhi!"

"Mama hamwamkii mwanawe," akasema Tunu. "Siombi."