Njia Iliyokubaliwa na Wote

Wanyama walitaka njia ya kwenda mtoni. Fuko, aliyechukia ugomvi kuliko njaa, alijitolea kupiga hodi nyumba kwa nyumba mpaka wote wakubaliane.

"Isipite kwangu, bwana," alisema Nungunungu. Fuko akaisogeza.

"Kwangu ndiyo kabisa!" aling'aka Nguchiro. Akaisogeza tena.

Mwishowe wote waliridhika, ila njia ilipita juu ya shimo la Fuko mwenyewe.

"Umebaki wewe tu, ndugu yetu," walimwambia. "Utatuvunjia makubaliano?"

Fuko akakubali, akahama.

Siku hizi majirani hupita pale wakiisifu njia isiyo na manung'uniko. Fuko alibisha hodi kwa kila mmoja wao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza amehamia wapi.